Shilingi ya Leo na Dhiki ya Kesho: Somo kwa Watu wa Uwanja wa Ndege

 

Katika darsa yetu ya baada ya Maghribi, ndugu mmoja aendeshaye teksi katika uwanja wa ndege alituuliza suala ambalo tuliahidi kulijibu kwa maandishi, ili na wengine wafaidike. Alisema: "Sheikh, mimi sili haramu, sichezi kamari, wala sikai bure. Natoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Mbona kila kazi ikisimama mwezi mmoja mimi huanguka, na jirani yangu mfagiaji, ambaye chumo lake ni dogo kuliko langu, husimama?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yapata mwezi mzima amekuwa akisali nyumbani, si kwa ugonjwa, bali kwa kuchelea kukutana msikitini na watu wanaomdai.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotushughulisha zaidi. Mtu akikosa fedha amepatwa na shida ya dunia. Lakini mtu ambaye deni limemtoa katika safu ya sala, shida yake imeingia katika dini yake. Kwa hiyo mambo ya matumizi ya kila siku si mambo ya sokoni peke yake. Yana nafasi yake katika darsa.

UWANJA HUU UNA MISIMU

Kwanza na tutazame mahali tunapoishi. Watu wa Magongo, Port Reitz, Chaani na wadi hii iitwayo Airport, katika Changamwe, wengi wao riziki yao inafungamana na uwanja wa ndege wa Moi. Wako wabebao mizigo, wako madereva, walinzi, wafagiaji, wauzao vinyago, na akina mama wauzao chai na mahamri kwa hao wote. Ndege zikija, wote hupata. Ndege zikikoma, wote hukosa siku moja.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla ndege haijabuniwa. Walingoja majahazi yaje na kaskazi, na wakajua kuwa kusi ikivuma yataondoka. Hapana aliyeshangaa bandari ikiwa tupu wakati wa kusi, wala hapana mwenye akili aliyekula chumo lote la kaskazi kana kwamba upepo hautageuka. Leo watalii nao wana msimu wao: huja kwa wingi miezi ya Disemba hadi Machi, na hupungua masika yakiingia.

Zaidi ya msimu wa kila mwaka, uko na msimu mwingine usiotangazwa. Tuhesabu pamoja. Agosti 1997 zilizuka ghasia za Likoni, na wageni wakaikimbia pwani. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ilipigwa bomu, na asubuhi hiyo hiyo makombora yakarushwa kuielekea ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka katika uwanja wetu huu, yakaikosa. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake juu ya Mombasa, na kampuni za safari zikawarudisha wateja wao kwao kwa ndege na kufuta safari za miezi iliyofuata. Tena 2020 ikaja korona: tarehe 25 Machi safari za abiria kutoka nje ya nchi zilisimamishwa, tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa watu wasitoke wala wasiingie, na safari za nje hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti. Hiyo ni miezi 4 na zaidi.

Mtoto aliyezaliwa Magongo mwaka wa 1997 ameyaona haya mara 5 kabla ya kutimiza miaka 24. Basi twawezaje kusema kila mara kwamba tumeshitukizwa? Sababu ya kila msiba ilikuwa ngeni, lakini kusimama kwa kazi hakukuwa kugeni. Hatujui ghaibu, wala hatusemi ni lini itakuwa tena. Twasema tu kwamba mtu aishiye kando ya uwanja huu na asiweke chochote, amejenga bondeni na anajua kuwa mvua hunyesha.

Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura ya Yusuf habari ya miaka 7 ya neema na miaka 7 ya dhiki. Aitazamaye habari hiyo ataona kwamba Nabii Yusuf (A.S.) hakungoja njaa ifike ndipo atoe shauri. Shauri lake lilianza kazi katika mwaka wa kwanza wa neema: walime, wale kidogo, na kinachobaki wakiache katika masuke yake. Waliookoka katika mwaka wa nane waliokolewa na walichofanya katika mwaka wa kwanza, siku ambayo hapana aliyekuwa na njaa.

JE, AKIBA YAPUNGUZA TAWAKKUL?

Wako ndugu wasemao: "Riziki i mikononi mwa Mungu, kwa nini nihesabu?" Na sisi masheikh tumechangia kosa hili, kwa kuhubiri tawakkul nusu nusu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Nani atadai kuwa tawakkul yake imeshinda ya Mtume? Kadhalika Saad bin Abi Waqqas (R.A.), alipougua Makka na kutaka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake, Mtume alimzuia asipite thuluthi, akamweleza kwamba kuwaacha warithi wake wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono.

Akiba inayolaumiwa ni ile izuiayo haki: zaka isipotolewa, mzazi asipotunzwa, na jirani akilala na njaa. Akiba ya mtu aliyetoa haki hizi ni katika kuangalia amana aliyopewa.

MATUNDU YA MFUKO

Tulikwenda kumwuliza yule jirani mfagiaji siri yake. Hakuwa na siri kubwa. Alisema kwamba kila siku ya kazi humpa mkewe shilingi 50 kabla ya kununua chochote, na mkewe huziweka. Wala hazitoki ila kwa mashauri ya wote wawili. Shilingi 50 kwa siku 6 ni 300 kwa juma, na kwa mwaka ni 15,600. Fedha hizo hazimtajirishi mtu. Lakini mwezi kazi inaposimama, mwenye 15,600 hununua unga na kulipa kodi ya chumba, na asiye nazo huanza kugonga milango.

Tukamrudia ndugu yetu wa teksi, tukakaa naye na karatasi na kalamu. Tukaona matundu manne, na tunayaandika hapa kwa idhini yake, bila ya kumtaja jina.

Tundu la kwanza: kutojua. Alijua nauli ya kila abiria, lakini hakujua katika mwezi kimeingia nini na kimetoka nini. Soda, muguka, salio la simu, na chakula cha mkahawani vilikuwa vikimla shilingi 100 kwa siku asizozihisi. Kwa mwezi ni 3,000, na kwa mwaka ni 36,500. Alipoiona hesabu hiyo alinyamaza kitambo. Kitu kidogo hakitutishi kwa sababu twakitazama peke yake. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wakituonya pia kwamba haba na haba hukimaliza.

Tundu la pili: kuweka kinachobaki. Alikuwa na nia ya kuweka akiba, lakini alingoja mwisho wa juma aone kilichosalia, na hapana juma lililosaza kitu. Kilichobaki hakibaki, kwa kuwa haja za mwanadamu hupanuka kadiri ya fedha iliyo mfukoni. Yule mfagiaji alianza na akiba kisha akatumia. Huyu alianza na matumizi kisha akatafuta akiba. Chumo la huyu lilikuwa kubwa zaidi, lakini mpango wa yule ulikuwa na nguvu zaidi.

Tundu la tatu: deni la simu. Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa ndugu wengi wameingia bila ya kuona mlango. M-Pesa ilipoanza 2007 ilikuwa njia ya kutumiana fedha, na ina manufaa makubwa. Kisha Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambayo ilianza na ada ya 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Mtu husikia 7.5% akaona ni kitu chepesi. Tufanye hesabu kwa ada hiyo: aliyekopa 4,000 atalipa 4,300. Akiishalipa, mfuko ni mtupu, hukopa tena 4,000. Akifanya hivyo kila mwezi, kwa mwaka atakuwa ametoa ada ya 3,600, karibu sawa na ule mkopo wenyewe, na hali yake ni ile ile aliyoanza nayo.

Januari 2019 ikaja Fuliza. Msomaji na alitafakari jina lenyewe: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Mtu akilipa na salio lake halitoshi, hujaziwa, na ada huanza kuhesabiwa. Fedha yoyote iingiayo baadaye katika simu yake hukatwa kwanza kwa deni hilo. Ndugu yetu wa teksi alitueleza kwamba abiria humlipa kwa simu, na kabla hajaishusha mizigo fedha ile imekwisha kukatwa. Kwa hiyo hukopa mafuta ya safari ya pili. Mtu wa namna hii anafanya kazi ya jana kila siku.

Ama hukumu yake, sisi hatuoni kwamba kuiita ziada "ada" kunaibadilisha. Mkopo ambao umeshurutishwa kurudi na ziada ni riba, na Qur'ani imeikataza riba kwa ukali ambao hapana Mwislamu asiyeujua. Aliye na shaka na akawaulize wanazuoni wengine awaaminio. Lakini hata asiyejali hukumu, na aitazame hesabu.

Na yako madhara mengine yasiyoandikwa katika hesabu. Mke wa ndugu yetu hakujua habari ya madeni mpaka alipopigiwa simu na mtu wa kampuni moja ya mikopo, akaambiwa amwambie mumewe alipe. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji hao kuwasumbua jamaa na marafiki wa mdaiwa, na ni vyema watu waijue haki yao hiyo. Lakini aibu ilikuwa imekwisha ingia nyumbani. "Hakukasirika kwa deni," alituambia, "alikasirika kwa kuwa nilimficha."

Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kwa Mungu kutokana na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kwamba mdaiwa akisema husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Imepokewa pia kwamba aliletwa maiti ambaye alikuwa na deni la dinari chache, na Mtume hakutaka kumsalia mwenyewe mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Dinari chache zilitosha kumzuilia mtu sala ya Mtume! Nasi leo twakopa kwa kubonyeza kidole, tukiwa tumelala kitandani.

Tundu la nne: fahari. Katika madeni ya ndugu yetu, deni kubwa kuliko yote halikutoka katika teksi, wala katika ugonjwa. Lilitoka katika harusi ya binti yake: hema, viti, pilau ya watu ambao wengi wao hakuwajua, na sare za akina mama. Tulimwuliza, "Nani alikulazimisha?" Akajibu: "Watu wangesema nini, Sheikh?"

Jibu hilo lilituchoma, kwa kuwa sisi tulikuwako katika harusi ile. Tulikaa mbele, tukala pilau, tukaomba dua, na hatukumwuliza baba wa bibi harusi fedha imetoka wapi. Vivyo hivyo katika matanga: mayatima wanachinjiwa mbuzi kwa fedha ya kukopa, na wenye vilemba ndio wa kwanza kunawa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), mwanachuoni wa Mombasa aliyeanzisha gazeti la Al-Islah 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani hii waamke na kuitazama hali yao. Ni aibu kwetu, baada ya miaka mingi kama hii, kuwa tungali twashuhudia nyumba zikibomoka kwa chakula cha siku moja na tukaitika "amina". Basi tunatangaza hapa, na msomaji awe shahidi: sisi wa darsa hii hatutahudhuria karamu ya harusi wala ya matanga iliyopikwa kwa deni, tukijua. Nikaha yatimia kwa sharti zake, na walima ni sunna kwa kadiri ya uwezo. Mwenyezi Mungu amewasifu, katika Sura ya Al-Furqan, waja wake ambao wakitumia hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali hushika njia ya katikati.

KUSHIKANA MIKONO

Akiba ya mtu mmoja ina mpaka. Dhiki kubwa huishinda. Kwa hiyo watu wetu wamezoea kucheza mchezo, na vyama vya kuweka na kukopeshana. Mambo haya ni mema yakisimamishwa juu ya uaminifu. Lakini yafaa tuone upungufu wake. Mchezo hugawa chote kilichokusanywa, hausazi kitu kwa siku ya shida. Na chama ambacho wanachama wake wote wanachuma katika uwanja wa ndege, siku ndege zikikoma wote watataka kutoa na hapana atakayetia. Kisima kimoja hakiwezi kuwa ndicho kinachokauka na ndicho kinachotegemewa. Bora chama kichanganye dereva na mshonaji, mwalimu na mvuvi, mtu wa bandari na mtu wa shamba.

Pamoja na hayo, iko qardhi hasana, yaani kukopeshana bila ziada. Hii imekufa kwetu kwa sababu wakopaji hawalipi na wakopeshaji hawaandiki. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, imeshughulika na kuandika deni na kuweka mashahidi, na imetuonya tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Watu wetu huona haya kuandikiana, wakisema "sisi ni ndugu". Baada ya miezi 6 si ndugu tena. Lau wangaliandikiana, udugu ungalibaki.

TUNAYOSHAURI

Kwa muhtasari, tunawashauri ndugu zetu mambo haya, na yaanze juma hili:

1. Kila mwenye nyumba na awe na daftari, na kwa siku 30 aandike kila shilingi iingiayo na itokayo. Asibadilishe chochote kwanza. Aandike tu, kisha atazame.

2. Fungu la akiba na litengwe siku ile ile ya chumo, kabla ya matumizi, hata kama ni shilingi 20. Katika miezi ya msimu liongezwe, kwa kuwa miezi hiyo ndiyo italisha miezi ya masika.

3. Akiba ya kwanza iwe ni unga na kodi ya mwezi mmoja. Ikitimia, itafutwe ya mwezi wa pili, na wa tatu. Isiguswe kwa sherehe.

4. Mume na mke wajue hesabu moja. Deni analofichwa mke leo ndilo atakaloambiwa kesho na mgeni.

5. Aliye katika deni la simu asikope jipya kulipa la zamani. Aanze na lile lenye ada kubwa, na auze kile kisichohitajika kabla ya kukopa.

6. Mwenye kudai na ampe muda mdaiwa aliyekwama kweli, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu. Na mdaiwa aende mwenyewe kwa anayemdai kabla hajatafutwa.

Shauri hili la sita ndilo tulilompa ndugu yetu kwanza. Ilimwia vigumu. Lakini alikwenda kwa watu wote watano aliokuwa akiwakimbia, akawaeleza ukweli, na akaandika nao siku na kiasi cha kulipa. Watatu walimpa muda kwa moyo mweupe, mmoja alimpunguzia, wa tano alikasirika, na hakuna ajabu, ni haki yake. Deni bado analo, na litamchukua muda. Ila Ijumaa iliyopita tulimwona katika safu ya pili, na baada ya sala wawili katika wale wanaomdai walimpa mkono.

Suala lake sasa lina jibu. Jirani yake hakusimama kwa sababu ya wingi wa chumo, wala kwa bahati. Alisimama kwa mambo madogo aliyoyafanya siku ambazo hazikuwa na shida yoyote. Na mambo hayo yu waweza kila mmoja wetu kuyaanza leo, ndege zikiwa bado zinatua.

Katika darsa ijayo, inshallah, kila mmoja na aje na daftari lake la juma moja. Hatutamwuliza mtu ana kiasi gani. Tutamwuliza tu kama ameandika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atulipie madeni yetu, na asitufanye mzigo juu ya viumbe vyake. Wabillahi tawfiq.